John Dewey, elimu ya uraia na nadharia ya demokrasia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukisoma elimu ya uraia, mapema au baadaye utakutana na jina la John Dewey. Mara nyingi hutajwa kwa sentensi moja tu, kwamba ni baba wa kujifunza kwa vitendo, kisha mwandishi anaendelea na mambo yake. Majibu yafuatayo ni ya yule ambaye sentensi hiyo haimtoshi.

Dewey alikuwa nani?

Alikuwa mwanafalsafa wa Marekani, aliyezaliwa Burlington katika jimbo la Vermont tarehe 20 Oktoba 1859 na kufariki New York tarehe 1 Juni 1952, akiwa na miaka 92. Alizaliwa kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi yake, akafa silaha za nyuklia zikiwa tayari zimetumika. Katikati ya hapo alifundisha vyuo vikuu kwa karibu nusu karne na kuandika kiasi kwamba kazi zake zilipokusanywa na Chuo Kikuu cha Southern Illinois zilijaza juzuu 37. Swali lake kubwa lilikuwa moja: watu wa kawaida wanajifunza wapi kujitawala?

Ndiye Dewey wa namba za vitabu maktabani?

Hapana. Yule ni Melvil Dewey. Wala si Thomas Dewey aliyeshindwa na Truman katika uchaguzi wa urais wa 1948. Swali hili huulizwa kuliko unavyodhani.

Alianza vipi?

Alianza kama wengi wetu tulioishia kwenye ualimu, yaani kwa sababu kazi ilipatikana. Alihitimu Chuo Kikuu cha Vermont mwaka 1879, na jamaa yake aliyekuwa mwalimu mkuu akampatia nafasi katika shule ya sekondari ya Oil City, Pennsylvania, mji uliochipuka kwa ajili ya mafuta. Alikaa huko miaka miwili. Jioni aliandika makala za falsafa, na ya kwanza ilichapishwa mwaka 1882. Mwaka huohuo alikopa dola 500 kwa jamaa yake mwingine, akaenda kusoma Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1884 kwa tasinifu kuhusu Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani. Tasinifu yenyewe imepotea, na sidhani kama kuna anayeililia.

Kisha akawa mhadhiri Michigan, akaenda Minnesota mwaka mmoja, akarudi Michigan. Huko Michigan alimwoa Alice Chipman mwaka 1886. Inafaa kumkumbuka mama huyu, kwa sababu ndiye aliyemtoa mumewe kwenye mafumbo ya wanafalsafa wa Ujerumani na kumgeuza aangalie dhuluma zilizokuwa mbele ya macho yake. Wanaosimulia maisha ya Dewey humpa Alice mistari miwili. Alistahili zaidi.

Kwa nini Chicago hutajwa sana?

Kwa sababu ndipo nadharia yake ilipokutana na watu.

Alifika huko Julai 1894 kuongoza idara ya falsafa ya chuo kikuu kipya, akakuta mgomo wa wafanyakazi wa Pullman, kampuni ya kutengeneza mabehewa, umesimamisha treni. Kampuni ilikuwa imepunguza mishahara huku kodi za nyumba ilizowapangisha wafanyakazi wake zikibaki palepale. Serikali kuu ikaleta askari. Njiani Dewey alizungumza na mmoja wa wahamasishaji wa mgomo, na barua alizomwandikia Alice zinaonyesha mtu aliyetikiswa. Alianza kuona kwamba chuo kikuu, nacho kikiwa kimejengwa kwa fedha za matajiri, hakiwezi kujifanya kinatazama mambo haya kutoka mbinguni.

Mjini humohumo palikuwa na Hull House, nyumba ya makazi na huduma iliyoanzishwa mwaka 1889 na Jane Addams pamoja na Ellen Gates Starr katika mtaa wa wahamiaji maskini. Wataliani, Wagiriki, Wayahudi kutoka Urusi na wengine walikuja kujifunza Kiingereza, kuacha watoto wao wadogo, kusikiliza mihadhara na kugombana kuhusu siasa. Dewey alikuwa akienda mara kwa mara, akawa pia mjumbe wa bodi yake. Usiku mmoja alibishana na Addams kuhusu migogoro ya kijamii. Dewey alishikilia kwamba mgongano ni wa kweli na hauepukiki; Addams akasema uhasama hauna ulazima, watu ndio wanaouongeza juu ya tatizo lenyewe. Baadaye Dewey alimwandikia mkewe akikiri kwamba yeye ndiye aliyekuwa amekosea. Alikuwa profesa mkuu wa idara, na anayemkubalia hakuwa na cheo chochote cha chuo kikuu. Bintiye aliyezaliwa mwaka 1900 alipewa jina la Jane.

Ukitaka chanzo cha nadharia yake ya demokrasia, mimi ningekupeleka kwenye ukumbi wa nyumba hiyo kabla ya kukupeleka maktabani.

Shule yake ya majaribio ilikuwaje?

Ilifunguliwa Januari 1896 ikiwa na watoto 16, na ndani ya miaka michache ikafikia wanafunzi 140 na walimu 23. Dewey aliichukulia kama maabara: kama mkemia anavyohitaji mahali pa kujaribia, anayefikiri kuhusu elimu naye anahitaji shule.

Kisa kinachoieleza vizuri ni cha madawati. Dewey alizunguka maduka ya vifaa vya shule akitafuta meza zinazowafaa watoto, asizione. Mwishowe muuzaji mmoja, mwenye akili kuliko wenzake, akamwambia kwamba anachotafuta ni kitu cha mtoto kufanyia kazi, ilhali madawati yote yaliyopo ni ya kusikilizia. Dewey alikiona kisa hicho kuwa historia nzima ya elimu ya zamani. Dawati lililopigiliwa misumari sakafuni likimtazama mwalimu tayari limekwisha kufundisha somo la siasa: mmoja husema, wengine hupokea.

Katika shule yake watoto walipika, walishona, walisuka na kuchonga mbao. Kundi moja lilipewa pamba mbichi na sufu. Walitumia nusu saa kuchambua nyuzi za pamba kutoka kwenye mbegu kwa mikono, wakapata chini ya wakia moja. Hapo wakaelewa wenyewe kwa nini watu wa kale walivaa sufu zaidi kuliko pamba, na kwa nini mashine ya kuchambua pamba ilibadilisha mambo. Kutoka hapo mwalimu alikuwa na njia ya kuingia kwenye historia ya viwanda, jiografia, na hatimaye kazi na mishahara.

Pamba inahusiana nini na uraia?

Hapa ndipo wengi humpoteza. Mtaala wa uraia tunaoujua una mihimili ya dola, haki na wajibu, bendera, ngazi za serikali. Mtoto anakariri, anajibu mtihani, anasahau. Dewey hakupinga maarifa hayo. Alichouliza ni kama mtu anaweza kujifunza kuogelea akiwa nchi kavu.

Watoto wale waliochambua pamba walilazimika kugawana kazi, kusikilizana, kulinganisha matokeo na kukubali kwamba dhana ya mmoja wao imeanguka. Hizo ndizo tabia anazohitaji raia. Watoto wakubwa wa shule hiyo walifikia hata kujijengea nyumba ya klabu, wakipanga, wakipima na kusaidiana na waliowazidi ujuzi. Uraia kwake ulikuwa namna ya kuendesha siku nzima ya shule, wala haukutosha katika kipindi cha Ijumaa alasiri.

Naongeza jambo ambalo walimu hulijua bila kuambiwa. Shule inayofundisha haki za raia asubuhi na kumwadhibu mchana mwanafunzi aliyeuliza swali, imefundisha masomo mawili, na la pili ndilo linalobaki.

Kwa nini aliondoka Chicago?

Ugomvi wa kiutawala. Mwaka 1904 mkuu wa chuo, William Rainey Harper, hakutaka Alice aendelee kuongoza shule baada ya kuunganishwa na nyingine. Dewey alijiuzulu, akahamia Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na huko akabaki hadi kustaafu mwaka 1930.

Mtaalamu wa elimu ya demokrasia alishindwa kukubaliana na mwajiri wake kuhusu nani aongoze shule ya msingi. Nimewahi kuona wanafunzi wakicheka wakisikia hivyo. Wana haki ya kucheka.

Anaposema demokrasia ni zaidi ya serikali, ana maana gani?

Kauli hiyo imo katika kitabu chake cha 1916, Democracy and Education. Anasema demokrasia ni, kwanza kabisa, namna ya kuishi pamoja na kupashana uzoefu. Kura, bunge na mahakama ni vyombo tu.

Anatoa vipimo viwili vya kupimia kundi lolote, liwe familia, chama au taifa. Cha kwanza: wanakikundi wana mambo mangapi wanayoyashiriki kwa kujua? Cha pili: kundi linachanganyika kwa uhuru kiasi gani na makundi mengine? Genge la wezi lina umoja, anasema, lakini umoja wake ni wa jambo moja tu, nalo linalazimika kujitenga na wengine. Kwa hiyo linafeli vipimo vyote viwili. Serikali ya kidhalimu inafeli vilevile, hata kama inafanya uchaguzi.

Jaribu vipimo hivyo kwenye ofisi yako au kamati yoyote uliyomo. Havihitaji shahada.

Mjadala wake na Walter Lippmann ulihusu nini?

Huu ndio moyo wa nadharia yake, kwa hiyo nivumilie.

Lippmann alikuwa mwandishi wa habari mwenye akili kali. Kitabu chake cha 1922, Public Opinion, kinaanza na kisiwa ambako Waingereza, Wafaransa na Wajerumani waliishi kwa urafiki mwaka 1914. Meli ya barua ilipofika katikati ya Septemba, wakagundua kwamba kwa zaidi ya wiki sita walikuwa maadui bila kujua. Ndivyo tulivyo sote, anasema Lippmann: tunaishi kwa picha zilizomo vichwani, na ulimwengu halisi umetupita. Raia wa kawaida ana kazi, ana watoto, hana muda wala taarifa za kuamua sera za fedha au za kigeni. Mwaka 1925 akaenda mbali zaidi, akauita umma mzuka. Bora wataalamu wachambue na viongozi waamue. Umma ubaki na kazi ya kuunga mkono au kukataa.

Dewey hakumdharau. Alisema huenda ni shtaka kali kuliko yote lililowahi kuandikwa dhidi ya demokrasia kama ilivyoeleweka wakati huo. Jibu lake refu lilitoka mwaka 1927, The Public and Its Problems. Alikubali kwamba umma umepotea, haujitambui. Lakini umma, alisema, ni nini? Watu wawili wakipatana na matokeo yakaishia kwao, hilo ni jambo lao. Mwenye kiwanda akikubaliana na mteja wake, kisha maji machafu yakateremka mtoni hadi kwa watu ambao hawakuwepo kwenye mapatano, hapo umma umezaliwa: wote wanaoguswa na matokeo wasiyoyasababisha. Tatizo la zama za viwanda ni kwamba matokeo yamesambaa mno hata walioguswa hawatambuani. Wanahitaji uchunguzi, taarifa za wazi na mahali pa kuzungumza.

Na wataalamu je? Dewey anasema avaaye kiatu ndiye anayejua kwamba kinabana na kinabana wapi, hata kama fundi viatu ndiye ajuaye zaidi namna ya kukitengeneza. Sisi tuna methali yetu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na inasema jambo lilelile. Tabaka la wataalamu lililojitenga na watu, kwa hoja hii, hupoteza kile hasa kilichopaswa kulifanya lijue.

Nani alishinda?

Kwa maelezo ya tatizo, Lippmann. Nani leo atasema raia wanafuatilia kila jambo? Kwa tiba, naegemea kwa Dewey, ingawa kasoro yake ni kubwa: alieleza vizuri kwamba jumuiya ndogo za ana kwa ana lazima zihuishwe, hakueleza vizuri nani atafanya hivyo na kwa vyombo gani. Wanadharia wa demokrasia ya majadiliano waliofuata, Jürgen Habermas akiwa mmoja wao, wamefanya kazi katika pengo hilohilo.

Aliwahi kukosea vibaya?

Ndiyo, mwaka 1917. Aliunga mkono Marekani kuingia katika Vita Kuu ya Kwanza, akiamini vita vingeweza kuelekezwa kwenye malengo ya kidemokrasia. Randolph Bourne, kijana aliyewahi kuwa mwanafunzi wake na mfuasi wake, alimshambulia kwa maandishi: ukishaingia vitani, vita ndivyo vinavyokuelekeza. Wakati huohuo Columbia iliwafukuza maprofesa wawili kwa msimamo wao kuhusu vita, na mwanahistoria Charles Beard akajiuzulu kupinga. Dewey hakujiuzulu.

Bourne alikufa kwa homa ya mafua Desemba 1918, akiwa na miaka 32. Mkataba wa Versailles, uliohitimisha vita hivyo, ukathibitisha mengi aliyoyasema. Miaka iliyofuata Dewey alijiunga na harakati za kutaka vita vipigwe marufuku kisheria. Alikuwa pia miongoni mwa waanzilishi wa chuo cha New School mwaka 1919, na mwaka 1920 wa chama cha kutetea uhuru wa raia, ACLU. Mwenyewe hakuandika kitabu cha toba. Ila ukisoma kazi zake za kabla na baada, utaona mtu ambaye hakuamini tena kwamba nguvu ya dola itaijenga demokrasia kwa niaba ya watu.

Alifuata nini China?

Alikwenda kutalii na kutoa mihadhara kwa muda mfupi, akakaa zaidi ya miaka miwili. Alifika Shanghai siku chache kabla ya tarehe 4 Mei 1919, siku wanafunzi wa Beijing walipojaa barabarani kupinga Shandong, jimbo la China, kukabidhiwa Japani. Wanafunzi wake wa zamani wa Columbia, kama Hu Shih, ndio waliomkaribisha na kumtafsiria. Mwingine, Tao Xingzhi, alikwenda kuanzisha shule za vijijini na akaipindua kauli ya mwalimu wake: badala ya shule kuwa jamii, jamii ndiyo shule. Naona mwanafunzi alimshinda mwalimu hapo. Baada ya 1949 serikali mpya iliendesha kampeni dhidi ya mawazo ya Dewey, jambo ambalo angalau linaonyesha kwamba yalikuwa yamefika.

Ni kweli alimfundisha Ambedkar?

Ni kweli. B. R. Ambedkar, aliyezaliwa katika tabaka lililoitwa lisiloguswa na baadaye akaongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India, alisoma Columbia kati ya 1913 na 1916. Katika hoja zake dhidi ya matabaka mwaka 1936 kuna sehemu zinazomfuata Dewey waziwazi, hasa kwamba demokrasia ni namna ya kuishi pamoja. Vipimo vile viwili nilivyotaja vikipimwa kwa mfumo wa matabaka, matokeo yake hayahitaji maelezo. Juni 1952 Columbia ilimtunuku Ambedkar shahada ya heshima. Dewey alikuwa amefariki siku chache tu kabla.

Alikuwa mkomunisti?

La. Alizuru Umoja wa Kisovieti mwaka 1928 na kuzisifu shule zake, akabandikwa jina hilo. Lakini mwaka 1937, akiwa na miaka 77, aliweka kando kitabu alichokuwa akikiandika na kusafiri hadi Coyoacán, Mexico, kuongoza tume iliyosikiliza utetezi wa Leon Trotsky, kiongozi wa mapinduzi ya Urusi aliyefukuzwa na Stalin, dhidi ya mashtaka ya Moscow. Marafiki na jamaa walimsihi asiende. Tume iliamua kwamba mashtaka yalikuwa ya kubuni. Baadaye alibishana na Trotsky mwenyewe kwa maandishi kuhusu njia na malengo: huwezi kufikia lengo la kidemokrasia kwa njia zisizo za kidemokrasia, kwa sababu njia ndiyo inayotengeneza utakachokipata. Kwa hiyo alimtetea mtu ambaye hakukubaliana naye. Siasa zake mwenyewe zilikuwa za ujamaa wa kidemokrasia, na mara kadhaa alijaribu bila mafanikio kuanzisha chama cha tatu.

Alisema watoto waachwe wafanye wapendavyo?

Hapana, na alichoka kulikana jambo hilo. Kitabu kidogo cha 1938, Experience and Education, kiliandikwa kwa sehemu kuwakosoa waliojiita wafuasi wake, waliotupa nidhamu na mpangilio wa masomo. Si kila uzoefu unafundisha, mwingine hudumaza. Mwalimu ana kazi ngumu zaidi hapa, kwa maana lazima ajue somo lake na pia amjue mtoto.

Ukosoaji gani dhidi yake una mashiko?

Ubaguzi wa rangi. Alikuwa miongoni mwa waliotia saini wito wa 1909 ulioizaa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi wa Marekani, lakini katika rundo lile la maandishi suala hilo linapata nafasi ndogo mno, katika nchi ambayo Weusi wa majimbo ya kusini walinyimwa hata kura. Mwanadharia wa demokrasia hawezi kusamehewa hilo kirahisi.

Halafu kuna uandishi wake. Jaji Oliver Wendell Holmes alimpenda sana, lakini alisema Dewey aliandika kama ambavyo Mungu angezungumza kama angekuwa hana ufasaha ila ana hamu kubwa ya kukueleza mambo yalivyokuwa.

Nianze kusoma wapi?

Usianze na kitabu cha 1916. Watu wengi wamezama humo wasiibuke. Anza na hotuba fupi ya 1939, Creative Democracy, aliyoiandika kwa sherehe ya kutimiza miaka 80. Mwenyewe hakuhudhuria sherehe, ikasomwa kwa niaba yake. Humo anasema dhamana ya mwisho ya demokrasia iko kwa majirani wanaokutana pembeni mwa barabara kujadili habari ambazo hazikuchujwa, na kwa marafiki wanaozungumza kwa uhuru sebuleni. Msomaji wa Kiswahili hatahitaji kufafanuliwa. Atakuwa amekwisha kuona baraza na waliolikalia. Baada ya hapo soma kile cha 1938, halafu cha 1927. Ukifika 1916 utakuwa umeizoea sauti yake, na zile sentensi ndefu hazitakutisha sana.